Chumvi Isitajwe Mbele ya Kiende

Jumatatu, 7 Machi 1955

Leo tena tumehesabiwa mara mbili. Hongera kwa binti yangu.

Gichovi ndiye mkuu wa kijiji chetu kipya hapa juu ya Karurumo. Kijiji! Vibanda vya udongo vimebanwa ndani ya handaki lenye miti ya ncha kali, eti kijiji. Kila asubuhi huita majina kabla hatujapelekwa kazi ya lazima, na anayeitwa husema "Niko." Sasa Kiende wangu, miaka minane, hana maneno yake mwenyewe. Ana ya wengine. Akisikia sentensi ikampendeza, ataitoa kesho au mwezi ujao, kwa sauti ileile ya mwenyewe, na mafua yake kama alikuwa nayo. Basi leo kila jina aliloita Gichovi, Kiende aliliita nyuma yake kwa sauti ya Gichovi. Akina mama wakaitikia mara mbili. Hesabu ikazidi watu waliozaliwa.

"Mama Kiende, funga hiyo gramafoni yako!"

"Funga hiyo gramafoni yako!" akasema Kiende. Hata Homugadi mmoja, askari mlinzi wa kijiji, alicheka mpaka bunduki ikamteleza begani.

Kule Kaaga wamisheni walinifundisha kufuma, kuimba sauti ya pili na kusema Kiswahili safi. Mtoto wa namna hii hakuwa katika masomo. Mama mkwe anajua sababu: nilimpa binti jina la mama yangu, la Kimeru, nikaacha lake. Munyi angenitetea, lakini serikali imempenda mno mume wangu, haitaki atoke kizuizini Manyani.

Wamuyu peke yake hajawahi kuniuliza nilikula nini nikiwa na mimba. Mbae wake ana miaka sita, hajasema hata "mama," na akiona njia huifuata tu, iwe inaenda mtoni au kwenye miti ya ncha. Tumegawana zamu. Mimi nikichimba, yeye anawashika wote wawili. Akichimba yeye, nawashika mimi. Mmoja husema yote, mwingine hasemi lolote. Ukiwajumlisha halafu ugawe, unapata watoto wawili ambao mama mkwe angewapenda.

Mume wa Wamuyu ni Ireri, ndugu mdogo wa Gichovi. Mkubwa anatulinda na watu wa msituni wanaopigana na serikali. Mdogo ndiye mtu wa msituni. Familia yenye bidii.

Jumatano, 9 Machi

Niandike pole pole.

Leo tulifyeka bondeni, kando ya mto, ili magaidi wakose pa kujificha. (Vichaka vilikuwa vya baba zetu. Sasa ni vya magaidi.) Zamu ya watoto ilikuwa ya Wamuyu. Alikaa nao mwisho wa mstari, penye majani marefu. Tuliporudi alikuwa na uso wa jivu. Nikadhani ni jua.

Jioni mama mkwe alikuwa akionja maharagwe. Akasema, "Chumvi iko wapi?"

Kiende akainua kichwa. Ikatoka sauti ya mwanamume. Nzito, yenye kukwaruza:

"Wamuyu, niletee chumvi." Kikohozi. "Mguu umeoza."

Mama mkwe akaangusha mwiko. Sauti ya Ireri anaijua, alimwona akikua. Nikamziba Kiende mdomo kwa mkono wangu, akaniuma, na ni haki yake.

Kumpa mtu wa msituni hata punje ya chumvi ni kitanzi. Na binti yangu anaitangaza kwa jina la mtoaji!

Alhamisi, 10 Machi

Nilimbana Wamuyu kisimani. Nilikuwa na hasira, nitasemaje vingine. Nikamwambia: ulikaa na mtoto ambaye hasahau neno, ukaongea na mtu anayewindwa. Akasema hakuongea, aliongeleshwa. Alikuwa amemshika Mbae na Kiende, angekimbia na nani?

"Umempelekea?"

"Usiniulize, Mama Kiende. Ukiulizwa na wao, useme hujui, na iwe kweli."

Maana yake ndiyo.

Tukalia kidogo. Halafu tukapanga. Shauri lake: tumjaze Kiende maneno mengine mpaka lile lizame. Mchana kutwa tukamwimbia. Nyimbo za kanisani, hesabu, majina ya mbuzi wote wa marehemu baba yake Wamuyu. Kiende alifurahi sana. Alizishika zote. Jioni nikajaribu, nikanong'ona: chumvi. Ireri akatoka mzimamzima, na kikohozi.

Kumpeleka Kaaga kwa dada yangu haiwezekani. Pasi ya kusafiri hutolewa na Gichovi, na Gichovi atauliza kwa nini.

Jumapili, 13 Machi

Mgeni! Mukami, mke wa Gichovi, mwenyewe, na kitambaa chake cha kanisani. Nikajua tumekwisha. Nikampa kigoda, nikajiuliza kama kule ndani watanitenganisha na mtoto.

Akakaa. Kisha akauliza, bila kuniangalia, namfanyaje Kiende akubali kunyolewa.

Nikasema: kwa nini?

Akasema kwa sababu wa kwake hakubali. Anapiga kichwa ukutani.

Wa kwake! Tunajua wote kwamba Mukami na Gichovi wana binti mmoja, ameolewa Kyeni. Kumbe kuna Kathuri, miaka saba, amefungiwa stoo ya mahindi tangu tuhamishiwe hapa. Hatujapata kumwona. Gichovi anasema mkuu wa kijiji mwenye mtoto wa hivyo atachekwa na serikali. Naam, kwa sababu sasa hivi serikali inamheshimu kupita kiasi.

Nikamwambia: mnyoe akiwa kwenye maji, na ushike sikio lake kwanza, ajue unakuja. Akanisikiliza kwa makini. Sijawahi kusikilizwa hivyo tangu nitoke darasani.

Mlangoni akasema, "Nyumbani kwangu hatutaji viatu. Akisikia viatu anadhani baba yake anaingia, analia mpaka anatapika. Kila nyumba ina neno lake." Akavuta kitambaa. "Lenu nililisikia kisimani. Sikulisikia."

Akaenda. Mpaka sasa sijui kama nimepata rafiki au shahidi.

Jumatano, 16 Machi

Akina mama wa mstari wetu hawataji tena kile kitu. Sikuwaomba. Nadhani Wamuyu aliwaomba, au Mukami, au wamejionea wenyewe. Wanasema "ile nyeupe." Leo mmoja alimwambia mwenzake: mboga zangu jana zilikosa ile ya kuombwa kwa jirani. Mzee mmoja wa Kimbeere aliyekuja kuuza mbuzi akadhani tumelishwa kiapo kipya.

Hawa ndio wale walionisengenya mwaka jana kwamba Kiende ana mapepo. Wanaudhi, lakini leo nawapenda.

Ijumaa, 18 Machi

Serikali ina ucheshi wake.

Gichovi ametangaza: Bwana D.O., mzungu mkuu wa tarafa, anakuja Jumanne. Handaki letu limeshinda ya vijiji vyote kwa usafi. (Handaki safi! Ukianguka ufe bila vumbi.) Kutakuwa na zawadi kwa kila mama, atakayoigawa kwa mkono wake mwenyewe.

Zawadi ni nini? Chumvi. Magunia.

Na mimi ndiye mkalimani. Mara ya mwisho Gichovi alipotafsiri, akina mama walisema wamechoka, yeye akamwambia bwana mkubwa wamechoka kukaa bure. Tukaongezewa kazi. Sasa Bwana D.O. ameomba "yule mama wa misheni." Kwa hiyo nitasimama mbele ya kijiji kizima na kulipaza neno lile kwa sauti, mara nyingi, kwa Kiswahili na kwa Kiembu. Lugha mbili, neno karibu ni moja.

Na watoto wote lazima wawepo, wapewe maziwa.

Jumatatu, 21 Machi

Tumekaa watatu kwangu, Wamuyu, Mukami na mimi, tukijifanya tunachambua maharagwe. Mbae alikuwa anayapanga mstari, mekundu kwa mekundu, na ole wako uguse.

Wamuyu alisema atajitoa mwenyewe kwa serikali kabla hawajasikia kwa Kiende. Nikamwambia asinichekeshe. Akijitoa, Mbae atafuata njia ipi, na nani nyuma yake?

Mukami akasema nyumba moja tu hapa haipekuliwi. Yake. Kiende akae stoo na Kathuri mpaka sherehe iishe.

Nikamwangalia. Mtoto wangu, na sentensi yake, ndani ya nyumba ya Gichovi.

Mukami akasema, "Mimi nimekufunulia wangu."

Ni kweli. Naogopa, lakini ni kweli. Nimekubali.

Jumanne, 22 Machi

Gichovi yuko hapa ndani, ameketi kigodani. Bado hawajapiga filimbi ya kafyu. Nimeshika kalamu ili mikono iwe na kazi. Yeye hasomi, hata karatasi ya sabuni humshinda, na nimemwambia naandika barua ya Munyi.

Niseme yaliyotokea.

Asubuhi nilimpeleka Kiende kwa Mukami. Kathuri alikuwa kwenye kona, amejifunika gunia. Kiende akakaa karibu naye, akavuta ncha ya gunia, akajifunika pia. Nikaenda baraza nimepungukiwa moyo nusu.

Baraza likaenda vizuri kuliko tunavyostahili. Bwana D.O. alisifu handaki. Nikatafsiri. Akasema chumvi ni alama ya urafiki. Nikatafsiri, na akina mama wakapiga makofi kwa nguvu wakitazama chini. Wamuyu alipokea yake kwa mikono miwili, akasema asante bwana. Yeye, chumvi, mkononi mwa serikali! Nusura nicheke.

Halafu bwana akasema ana kiu. Angependa chai kwa mkuu wa kijiji.

Hakuna aliyekuwa amefikiria chai. Tukaingia uani kwa Gichovi, bwana, Gichovi, Homugadi wawili na mimi mkalimani. Mukami akaleta birika. Bwana akapewa yai la kuchemsha, akauliza, kwa Kiswahili chake cha polepole: "Iko chumvi?"

Ukuta wa stoo ni fito tu.

"Wamuyu, niletee chumvi." Kikohozi. "Mguu umeoza."

Homugadi waliruka. Bunduki zikaelekea mlango wa stoo. "Nani huyo mwanamume?" Nilikimbia nikasimama mbele ya mlango, sikumbuki miguu yangu ikinipeleka. Mukami akaja akasimama kando yangu. Akafungua yeye mwenyewe. Watoto wawili, gunia moja.

Bwana akatoa macho. "Ni msichana? Anasema nini?"

Kiembu kila mtu pale alikielewa isipokuwa yeye. Neno la chumvi alikuwa amelishika, kwa hiyo singeweza kulitupa. Nikasema: Bwana, huyu binti yangu huiga sauti za watu. Anamwiga babu yake marehemu, akimwita mkewe. Anasema, Wamuyu, niletee chumvi, nduma zimeiva.

Bwana akacheka. Kisha akamgeukia Gichovi. "Kweli?"

Gichovi hakuwa akimtazama bwana. Alikuwa akimtazama Kiende. Nilisubiri, nikahesabu makosa yangu yote ya Kaaga.

"Kweli, bwana," akasema. "Mzee alipenda nduma sana."

"Na huyu mwingine?"

Hapo alichelewa zaidi. "Wangu," akasema.

Bwana akala yai lake, akaenda na gari lake. Mukami alikaa chini palepale uani akalia, na mimi nikalia naye, na Kathuri akapiga kelele kwa sababu ya Homugadi na viatu vyao. Tulichukua muda kumtuliza. Wamuyu akaja na Mbae. Tulikaa tukiwashika watatu, bila zamu.

Nilidhani imekwisha. Mimi na akili zangu za misheni.

Sasa Gichovi amekuja peke yake, bila bunduki. Hajanifokea. Hajamtaja Wamuyu. Aliketi, akamwangalia Kiende anayevuta nyuzi za mkeka, akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sijapata kuisikia kwake:

"Chumvi."

Kiende akamtolea yote. Kikohozi. Mguu.

Akafumba macho. Akasema tena, "Chumvi." Kiende akarudia. Mama mkwe amejikunja ukutani, anasali bila kutoa sauti. Mara ya tatu. Mara ya nne. Kiende hachoki, anafurahi, hakuna mtu mzima aliyewahi kumwomba aseme. Gichovi anatikisa kichwa pole pole kila kikohozi kinapofika. Wamelala kitanda kimoja miaka mingi, yeye na Ireri, kabla ya haya yote. Au anajifunza tu ushahidi wake vizuri, asije akakosea mbele ya wakubwa. Namtazama uso na siwezi kujua. Uso ni uleule anaotumia kutuhesabu.

Sasa ameacha. Amefungua macho, amenigeukia mimi.

"Mama Kiende," anasema. "Mguu gani?"