Kombora Lililotoka Nyuma

Songwa,
Kishapu, Shinyanga.
7 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Enock,

Marahaba, mdogo wangu. Shikamoo yako nimeletewa na wifi Loveness kwenye simu, nami nawauliza hali zenu huko Gaborone: watoto hawajambo? Na kile kifua chako kimepoa? Sisi huku tunapumua. Mayu, mama yetu, anaweza kwenda kanisani mwenyewe sasa. Baba presha yake inapanda na kushuka. Mvua bado, na vumbi la mgodini linatuingia mpaka kwenye uji.

Kila nikifika kwenye jambo lenyewe simu inakatika, au labda mimi ndiye ninayeikata. Kwa hiyo nimeona niandike. Uliuliza kesi ya marehemu mdogo wetu Maduhu imefikia wapi. Enock, haijafika popote, wala haitafika.

Nikueleze tangu mwanzo, maana mazishi hukuyawahi. Wanajeshi walipoleta mwili, ofisa aliyeongoza msafara alisimama kaburini akasema Maduhu ameuawa na waasi, akilinda amani katika nchi ya watu. Tuliamini. Baba alilia kwa sauti mbele za watu, lakini kichwa kilikuwa juu.

Matanga yalipokwisha akaja Fredy, rafiki yake wa kikosini, anatembelea magongo. Alikataa kiti, akakaa chini karibu na mayu. Akatuambia kwamba kilima kile walikuwa wamekwisha kukiteka asubuhi na taarifa wakaitoa kwa redio. Kisha mizinga ikaanza kuwapiga. Waasi walikuwa mbele, lakini makombora yalitoka bondeni nyuma yao, walikokuwa wenzao wa kikosi cha pamoja. Fredy akawa anapiga kelele redioni, "Ni sisi! Ni sisi huku juu!" Maduhu akavua fulana, akapanda juu ya jiwe akaipunga ili waonekane. Kombora lililofuata ndilo lililomchukua.

Mayu aliuliza neno moja tu: "Walisikia?"

Fredy akainamisha kichwa. "Walisikia, mama. Redio ilijibu. Ilisema subirini."

Tangu siku hiyo baba hakutulia. Unamjua, akishika jambo hashikiki. Pamba iliachwa shambani, tukapanda basi mimi na yeye, tukaenda ofisi moja, ikatutuma nyingine, mpaka tukampata ofisa mmoja mpole aliyetuagizia soda. Alisema, "Mzee, mwanao alikufa shujaa."

Baba akamwambia, "Ushujaa wake naujua, nimemzaa mimi. Nauliza nani aliyempiga."

"Ilikuwa vita, mzee. Uchunguzi ulifanyika na umefungwa."

"Ulisema nini?"

"Hiyo ni siri."

"Na aliyetoa amri ya kupiga, yuko wapi?"

Ofisa aliitazama ile soda ambayo baba hakuigusa. "Mzee Magesa," akasema, "yule anaendelea na kazi."

Tukatoka.

Ndipo tukaenda mjini Shinyanga kwa wakili Mohsin, yule ambaye baba yake anauza mabati. Alitusikiliza vizuri, hakutudanganya. Alisema nchi zilizopeleka askari ni kadhaa, na kila moja inasema amri ile haikuwa yake. Anayeshtakiwa hajulikani, mahali palipotokea tukio ni ugenini, na shahidi ni mmoja. "Huyo shahidi akisimama," akasema, "nitajaribu. Asiposimama, baba, nitakuwa nakupotezea siku zako."

Fredy alikubali. Siku ya kuandikisha maelezo alikuja na mkewe, kavaa suti iliyompwaya. Wakili alipomuuliza makombora yalitoka upande gani, Fredy akasema, "Kulikuwa na moshi. Sikuona vizuri." Akaulizwa habari za redio. Akasema hakumbuki. Mkewe alikuwa anatazama sakafu tu.

Baba alinyanyuka, nikadhani atampiga. Kumbe alikuwa anaifuata kofia yake, akatoka. Nje, Fredy alituangukia magotini pale barazani, watu wanapita. "Baba, bado niko kazini. Nimeitwa, nimeambiwa. Nina watoto." Mayu, ambaye siku hiyo tulikwenda naye, akamwinua. Akasema, "Mwacheni. Na huyu ana mama yake."

Sikumchukia, Enock. Nimejaribu, nimeshindwa. Wenye kustahili chuki siwajui majina wala sura, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Mayu hakutaka mtu afungwe. Alitaka mmoja tu aje akae pale alipokaa Fredy, aseme ni mimi niliyekosea, basi. Hakuna atakayekuja. Nimekwisha kulijua hilo, na nafikiri naye analijua.

Najua utasema tutafute wakili mwingine, tupeleke habari magazetini. Nakuomba usiseme hivyo kwa baba. Kuna jambo sijamwambia mtu. Jumapili iliyopita alikuja mgeni kutoka Kharumwa, mzee Maige, aliyekuwa hajatoa pole. Akamuuliza baba kijana alipatwa na nini. Mimi nilikuwa nachambua mchicha hapo hapo mlangoni. Baba akasema, "Aliuawa na waasi." Mzee Maige akasema, "Basi alikufa vizuri." Baba akajibu, "Ndiyo. Alikufa vizuri."

Mayu alikuwa ndani, alisikia. Hakutoka.

Ukimpigia baba, naye akakuambia hivyo hivyo, itikia, mdogo wangu. Usimbishie.

Wifi Loveness msalimie sana, na watoto wote uwakumbatie kwa ajili yangu. Shangazi Zipora anakusalimu, na mayu anasema uvae vizuri wakati wa baridi. Mungu awafunike huko mliko, awalinde na wa mbele na wa nyuma.

Nikupendaye bila kuchoka,
dada yako,
Melania