Nukta Niliyoisahau Kanazi

Jumanne usiku, nyumbani Kanazi

Wameng'oa. Nimeona mwenyewe ule muhogo wa mbegu mpya umelazwa kando ya shamba la jirani yetu, Mama Adela, unakauka, na bado siamini.

Hesabu zangu zilisema kinyume. Kila mkulima nilimfanya nukta kwenye mchoro, nikavuta mishale kwenda kwa wale anaowasikiliza, kompyuta ikawa inasogeza maoni yake kidogo kidogo kuelekea ya wenzake. Mwishowe kijiji kizima kiliikubali mbegu. Msimamizi wangu chuoni aliisifu sana kazi hiyo.

Nilipomwamkia Mama Adela aliitika marahaba bila kuinua macho. Nikamwuliza nani kawaambia mbegu ni mbaya.

"Wewe."

Nikadhani ananitania.

"Ulikuja ukauliza kama tunaiamini, tukasema ndiyo. Ukarudi na swali lile lile. Ukarudi tena. Nikasema, huyu ni mtoto wetu, amesoma, hawezi kuhangaika nyumba hadi nyumba kama hakuna kitu anatuficha. Nikawaambia wenzangu baada ya misa."

Nilikuwa narudi kupima tu maoni yao yanavyobadilika. Mbegu haina ubaya wowote. Sasa mwakani watakula nini, na mimi...

Nimeufungua ule mchoro. Kanazi yote imo, hata katekista. Mimi simo. Nimejiongeza nukta moja, nikavuta mishale kutoka kila nyumba niliyoingia, na yote inakuja kwangu.

Kesho lazima nikawaambie mbegu ni nzuri. Sijui nitawaambiaje bila kupiga hodi tena.