Nimebadili Mfumo wa Kompyuta Bila Wewe

Sekretaria ya Mariyamu (kuchapa na kutoa nakala),
Nyuma ya soko, Rumonge.
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa kaka Nasiri,

Asalaam aleikum. Amahoro huko Liège? Wifi Kadidja hajambo, na baridi mnaivumilia? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Goti la Mama linamsumbua kidogo, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Kaka, uliniambia nisiguse mfumo wa kompyuta mpaka uje Desemba, eti nitazifuta sauti za marehemu Baba tulizorekodi humo. Basi njoo kula tu. Nimeubadili mwenyewe, Alhamisi, na ninajivuna mpaka majirani wamechoka.

Najua kompyuta yako bado ina mfumo wa zamani kwa sababu unaogopa. Fuata hatua hizi. Nimezibandika ukutani kwa Kiswahili, hata Mama Mkubwa Mwamini anazisoma.

Kwanza, nakili kila kitu kwenye flashi, kisha ifungue kwenye kompyuta nyingine kabla hujaanza. Mimi nilinakili, nikampa Venanti wa studio ya picha anitunzie, nikaanza kazi. Mfumo umefika nusu, Venanti anakuja kuniambia flashi haifunguki. Masimulizi yote ya Baba kuhusu ukoo wetu yalikuwa ndani ya kompyuta ile peke yake. Kurudi nyuma haikuwezekana, kaka, nikaendelea.

Pili, jaza betri hata kama umeme upo. Radi ililia upande wa ziwa, na Mama Mkubwa unamjua. Aliingia mbio, akachomoa waya, akaifunika kompyuta kwa kitenge kama anavyofunika kioo kila radi inapopiga.

"Radi iko inapiga, na we unaacha mashini ku umeme!"

Nilimshukuru, nikaondoa kitenge taratibu isije ikapata joto. Betri ilimaliza kazi yote.

Nimeruka jambo. Mwanzoni kabisa kompyuta itakuuliza kama ibaki na faili zako au ianze upya. Chagua kubaki nazo, na usome mara mbili kabla ya kubonyeza.

Mwisho, skrini itakuwa nyeusi, itazima na kuwaka mara mbili au tatu. Usiguse chochote. Haraka haraka haina baraka. Mimi nilifumbata mikono nikasoma dua zote ninazozijua.

Ilipowaka, nilifungua rekodi ya kwanza, ile ambayo Baba anaanza kwa kumwita Mama amletee maji. Sikukumbuka kupunguza sauti. Mama alikuwa uani akianika samaki wa ndagala. Akaitika, "Abee!" Akaja na kikombe mkononi.

Alipoona ni kompyuta, alikaa kwenye kiti changu, akaniambia nirudishe mwanzo.

Msalimie wifi Kadidja na mtoto wetu Hakimu. Mama Mkubwa anasema umeme wa huko uuogope pia. Mungu awafunike kwa rehema zake na awafikishe nyumbani salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye, fundi wa kompyuta,
Mariyamu