Kamera Ilisogea

Burbank, 9 Oktoba 1953

Dada yangu mpendwa Idella,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku California. Natumaini wewe, shemeji Ward na Mama hamjambo, na kwamba mahindi mmeshayaingiza ghalani kabla ya baridi. Mimi naendelea vizuri kidogo, ingawa utaona mwandiko umepinda. Naandikia mkono wa kushoto, na sababu nitakueleza.

Uliniuliza kuhusu ile filamu ya daktari kichaa. Tuliipiga katika gereji ya kukodi. Ubongo ndani ya chupa ulikuwa mboga ya koliflawa, na mashine ya umeme ilikuwa redio mbovu. Daktari aliigizwa na mzee Casimir Thorne, mlevi mpole anayeniita “mwanangu.” Mimi nilikuwa msichana aliyefungwa mezani. Mwongozaji alikuwa Orrin, mchumba wangu, na kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kuajiri mpiga picha, kamera aliishika mwenyewe.

Orrin alitaka moto wa kweli katika ile maabara ya kuigiza. Mzee Thorne akamwonya kwamba spiriti si maji, atamchoma mtoto wa watu. Orrin akacheka: “Mzee, wewe kunywa yako, hii niachie mimi.” Chupa ya spiriti ikapinduka. Mkono wa gauni ukashika moto, nami nimefungwa kamba. Mzee Thorne akavua koti lake jeupe, akanifunika nalo, akanilalia mpaka moto ukazimika. Vidole vya mkono wangu wa kulia havitakunjika tena. Sikuwaandikia habari hiyo kwa sababu ya moyo dhaifu wa Mama.

Orrin alilia kando ya kitanda changu hospitalini. Alisema aliganda kwa hofu, na kwamba mkanda wa filamu wa siku ile ameuteketeza. Nikamwamini, Idella. Mimi mwenye bandeji ndiye niliyembembeleza yeye asijilaumu.

Jumamosi nilikwenda sinema na mzee Thorne kuitazama filamu yetu. Mkanda haukuteketezwa. Umo wote, na mayowe yangu yamo. Koti liliponiangukia, watu walimzomea mzee wa watu, wakidhani ananiziba pumzi. Yeye aliinama tu, akaipapasa kofia yake mapajani.

Lakini kilichonivunja ni kingine. Mshika kamera akiganda, picha hubaki mahali pamoja. Hii ilisogea. Ikaipita chupa, ikaipita meza, ikaja polepole mpaka usoni mwangu, pale ninapomwita Orrin anisaidie. Jina lake amelifunika kwa muziki, ila midomo yangu naijua.

Nilimfuata ofisini. Hakukana. Alisema, “Verna, hapo ndipo watu wanaporuka vitini. Umekuwa nyota, mpenzi.” Kisha akarudi kwenye simu yake.

Mama ameniandikia kwamba filamu inakuja huko kwenu, na kwamba amewaalika kina mama wa kanisani. Tafadhali msomee barua hii kabla hajavaa kuondoka; afadhali ayasikie kwako kuliko kuyaona ghafla. Akiamua kwenda hata hivyo, mwache aende, ila mwombe asimzomee yule mzee.

Nisalimie shemeji na majirani wote. Nitafika kwa basi la Jumatano.

Mdogo wako akupendaye,
Verna