Hondohondo wa Junda

Jumapili, 3 Novemba 2024
Mvua tangu alfajiri, barabara ya kanisani imefurika. Nikakata nyuma ya ule ukuta usiokwisha kujengwa. Miaka minne naishi Junda na sikujua! Kuna msitu mle — mdogo, unateremka hadi kwenye mikoko. Tumbili. Harufu ya majani mabichi, kama kwetu Bamba. Nilisimama hata ibada ikanipita.

Jumatano, 6 Novemba
Nimerudi baada ya kazi. Kwenye mvule mkubwa kuna tundu lililozibwa kwa udongo, umebaki ufa tu. Akaja ndege, hondohondo dume, mdomo mwekundu, akapenyeza tunda — likapokewa! Jike yumo ndani, kajiziba aatamie mayai. Haya alinifundisha Mramba, kule Bamba, kabla hajanioa. Nimempigia huko Doha anakofanya kazi. Hakushika. Yuko zamu.

Jumapili, 10 Novemba
Nimekwenda na jirani yangu Kafedha. Kacheka hadi kaketi chini: mume wa huyu anarudi na chakula mchana kutwa, wako, Eddah, yuko wapi? Nikacheka na mimi.

Ijumaa, 15 Novemba
Mramba kapiga! Nimemweleza yote. Mkataba wake wa kazi wameuongeza, mwaka mwingine tena. Huko aliko hakuna hata kivuli cha mti, asema. Nimrekodie sauti ya huyo ndege, asikie tu.

Jumamosi, 23 Novemba
Nimekuta watu wawili na msumeno wa mashine. Ploti imenunuliwa. Fundi, Anwar, ni mstaarabu, lakini katumwa: mvule ulale leo. Nikamwambia jike hawezi kuruka, manyoya ya mabawa humtoka akiwa mle. Hakuamini.
— Dada, hilo ni tundu la nyuki.
— Ngoja dume aje, utamwona.
— Haya. Nikimwona kwa macho yangu, wallahi naanza na ile miti ya kule, huu nauacha kwanza. Asipokuja kabla ya adhuhuri, nakata.
Tumeketi kwenye gogo. Naandika hapa hapa, simu inarekodi. Mwenziwe kawasha mashine kuijaribu — ndege wote wakaruka! Anwar kamfokea azime.
Kimya. Kwenye ufa mdomo umetokeza, ukarudi ndani. Anwar kauona.
Adhana ya adhuhuri imeanza. Dume hajaja, na Anwar hajainuka kuushika msumeno.