Kuni za Dongobesh na Baridi ya Ulaya

Mpendwa mama Paulina,

Ijumaa mnunuzi anataka jibu: nisaini miaka miwili ya kupeleka kuni zetu Ulaya, au aende kwa mwingine. Wewe ndiye uliyelitaka soko hilo kuliko mimi, na hupo tena wa kuulizwa. Umelala upande wa juu wa shamba tangu mvua za mwaka jana. Basi nakuandikia, na barua naiacha wazi, asome yeyote wa Mbulu au Hanang anayeambiwa kwamba bei nzuri iko nje.

Unakumbuka tulivyoanza? Maranda yalikuwa yamerundikana nyuma ya mashine ya mbao ya mzee Tluway, kilima kizima, naye akiyachoma moto ili apate pa kupita. Mimi niliona uchafu. Wewe ulisimama ndani yake hadi magotini, kitenge umekikunja, ukasema, "Yakishindiliwa haya yatawaka kuliko kuni mbichi." Tukauza ng'ombe, tukanunua mashine iliyokwisha kutumika, na siku ya kwanza ikatema kigogo kimoja kilichonyooka, kimeungua pembeni, cha moto kama mkate. Ulikifunga kwenye kitenge ukampelekea mama Josefu aliyekuwa amejifungua wiki ile, maana huku kwetu mzazi haendewi mikono mitupu, anapelekewa kuni. Akakigeuza huku na huku.

"Mama Paulina, hii ni kuni au muhogo umeungua?"

"Washa kwanza, ndipo utukane."

Aliwasha. Kesho yake akaagiza vingine, na mzee Tluway akaanza kutangaza mnadani kwamba nyumba yetu siku hizi inalala na vigogo.

Halafu akaja yule binti aliyetumwa na mnunuzi kutoka Dar es Salaam, na viatu vyake vyeupe ambavyo havikufika jioni vikiwa vyeupe. Akatueleza kuwa huko Ulaya watu wanapasha nyumba joto kwa maranda yaliyoshindiliwa kama yetu. Mimi niliuliza bei. Wewe uliuliza, "Kumbe na wao wanatetemeka?" Akakwambia wanatetemeka hasa, wazee zaidi. Uso wako ulibadilika. Umekulia kwenye baridi ya Mbulu, umemwona mama yako akiamka na vidole visivyokunjika. Tangu siku ile ukawa unasema habari za bibi mmoja wa Ulaya kama vile ni jirani yetu. "Bibi yangu kule atawasha hiki," ulikuwa ukisema, ukikipangusa kigogo kwa kiganja. Nilikucheka. Nilikuwa nakupenda sana ukiwa hivyo, na sidhani nilikwambia.

Kontena la kwanza tulilifungasha kama tunavyofungasha mahindi na maharage. Tulitumia magunia ya katani, yanayopumua, kwa sababu kila mtoto wa mkulima huku anajua kuwa kilichokosa hewa kinaota ukungu. Ulishona midomo ya magunia kwa sindano ya shazia, mishono mifupi iliyolingana. Upepo wa Julai ulikuwa umekausha kila kitu Dongobesh, hata midomo yetu imepasuka. Hakuna aliyetuambia kuwa kigogo si punje, kwamba chenyewe kinataka plastiki isiyopitisha kitu. Kontena likakaa bandarini likisubiri karatasi, na ile hewa nzito ya pwani ikaingia taratibu kwenye magunia yetu yanayopumua. Vigogo vikanywa, vikavimba, vingi vikarudi kuwa maranda.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya kuonyesha kila mti umetoka shamba gani. Mzee Tluway hununua mti mmoja hapa, miwili pale, miti ya mipakani, kwa mtu anayetafuta ada ya mtoto. Watu wa Ulaya walitaka ramani ya kila shamba. Siwalaumu kwa kuuliza. Misitu inaisha, na mimi mwenyewe nisingependa kuchoma kuni za wizi. Ila wao waliuliza kwa simu, na sisi ilibidi tujibu kwa miguu na kwa nauli. Muda wote huo kontena linalipiwa nafasi.

Mnunuzi akakata karibu nusu ya malipo, akaandika kwamba kuni zetu ni duni. Nilipokusomea ulikuwa umeshaanza kuumwa, umekaa juu ya magunia yaliyobaki. Ulicheka hadi ukakohoa. "Siyo duni, baba Paulina. Tumewafungia vizuri mno." Neno lile, duni, bado sijalisahau. Hawakuona mishono yako.

Sasa tumejifunza. Tunafunga kwa plastiki, tuna kipimo cha unyevu, na Paulina amezunguka shamba kwa shamba na simu yake akichukua alama za ramani. Ungemwona anavyowasalimia wazee shikamoo huku anahesabu miti yao kwa jicho la pembeni! Mnunuzi amesikia, ndiyo maana amerudi.

Lakini nimepiga hesabu, na unajua hesabu zangu hazina huruma hata kwangu mwenyewe. Kigogo ni kizito mkononi, ila bei yake ni nyepesi, na safari ni ndefu. Katika kila shilingi kumi anazolipa mnunuzi, zaidi ya sita zinaishia kwenye lori, bandari, meli na karatasi. Zinazobaki ndizo za maranda, umeme, wasichana wa mashine na kijiko cha sukari yangu. Tena, majira yao ya baridi yakija na joto kidogo, bei inashuka. Yaani nimefika mahali pa kuomba bibi wa watu atetemeke ili mimi nile. Hilo wewe usingekubali kuliomba.

Nikampigia yule binti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naongeza kipengele kimoja tu kwenye mkataba. Unyevu upimwe hapa Dongobesh, mbele yangu na mbele ya mtu wenu, ndipo kontena lifungwe. Maji yatakayoingia baada ya hapo ni yenu."

"Mzee, hakuna anayeomba hivyo."

"Labda ndiyo maana kila mwaka mnatafuta mtu mpya."

Akacheka, maskini, halafu akashusha sauti. "Mimi ningekuwa wewe ningeomba hivyo hivyo. Lakini bosi amesema hapana, na yeye naye ameambiwa hapana huko Ulaya." Nilimwonea huruma. Anatumwa kubeba maneno asiyoyatunga.

Kuna shule moja ya bweni Nangwa, kule Hanang. Wameambiwa na serikali waachane na kuni za kukata, na huko tambarare kuni zenyewe akina mama wanazifuata mbali. Nilipeleka mzigo wa kujaribia. Mpishi wao, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akanifuata hadi kwenye lori. "Baba, umeniharibia! Moshi hakuna. Chakula kikichelewa sasa nisingizie nini?" Macho yake yalikuwa mekundu, ya miaka mingi ya moshi, na anacheka. Shule inalipa kwa kuchelewa, tena bei yao iko chini ya ile ya Ulaya. Lakini lori linakwenda na kurudi siku ileile, na pesa yao haina meli ya kupanda.

Mashine ni moja. Nikisaini, yote yanakwenda bandarini na Nangwa wanarudi porini na mashoka. Nimegeuza hesabu kila upande nikitafuta namna ya kukutunzia lile soko lako, nimeikosa.

Kwa hiyo Ijumaa nitasema hapana.

Najua ungenuna. Ungeniwekea ugali mezani bila neno, ukapita na mlango ukaubamiza kidogo, si sana. Kisha asubuhi moja, ukiwa umenipa mgongo, ungeuliza kama vile hapakuwa na kitu: Nangwa wanataka mzigo lini?

Jumatatu, mama Paulina. Tumeshaanza kupakia.

Pumzika, mke wangu.

Mumeo,
Baba Paulina