Maziwa Si Chakula

Mama mpendwa,

Chamgei? Natumaini baridi ya Olenguruone imekuachia mgongo kidogo, na kwamba ile dawa ya kifua unaimeza, huifichi chini ya mto. Mimi hapa Nakuru ni mzima, kutoka kiunoni kwenda juu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukishasema neno lako, unakata.

Mama, nimechoka. Daktari amekataa tena kunipasua goti. Anasema nipunguze uzito kwanza. Na bila goti sina cherehani, maana mguu huo ndio unaokanyaga. Sare za shule zimelala mezani na wateja wameanza kwenda kwa fundi mwingine hapa Free Area.

Si kwamba sikujaribu. Chapati, soda, mandazi, vyote niliviaga. Nimekula mboga za managu na kunde mpaka nikaona haya kupita karibu na mbuzi. Ugali ni wa wimbi, tena kipande kidogo. Nikipanda mizani, sindano inarudi pale pale, siku nyingine inapita. Wanawake wa kanisa wananong'ona eti nakula nikiwa nimejifungia.

Wiki jana nikapelekwa kwa msichana wa lishe hospitalini, mdogo kuliko mwanangu Cherono. Akaniuliza nakula nini. Nikamweleza yote, kwa hasira. Akauliza tena, nikarudia. Mwishowe akaweka kalamu chini.

"Sawa, mathe. Na unakunywa nini?"

"Maji. Uji. Na mursik kidogo, maziwa ya mgando ya nyumbani."

"Kidogo kiasi gani?"

Hapo ikabidi nimhesabie. Kile kibuyu unachonitumia na jirani yetu Kosgei, kwenye lori lake la viazi, hakimalizi wiki, na mnywaji ni mimi peke yangu. Uji nao ni ule wako wa wimbi na njugu, asubuhi na jioni, kikombe cha bati kikijaa. Lakini nani kwetu aliwahi kusema amekula maziwa? Niliulizwa nakula nini, nikajibu ninachokula.

Msichana akasema maziwa hayana kosa, uji hauna kosa, ila mwili haujali kama kitu kimetafunwa au kimenywewa. Mtu anayeshinda kitako kwenye cherehani hawezi kukitumia chote, na kinachobaki kinageuka mafuta, hata kiwe kizuri namna gani. Wengine, alisema, wanazuiwa kupungua na dawa au kukosa usingizi, lakini mimi nianze na kibuyu.

Kwa hiyo tafadhali usikitume tena. Najua utasema mji umenifundisha kukataa maziwa ya mama. Kosgei nilipomwambia, alinitazama kama nimekufukuza mlangoni. Mama, sikatai mkono wako. Tangu tumzike Baba hujakanyaga kwangu. Kibuyu ndicho kimekuwa kikija badala yako, na hiyo ndiyo sababu nilikuwa nakimaliza.

Msalimie kaka Kiprono, na wifi yangu Joan anayekamua. Mwambie maziwa yangu awanyweshe watoto. Shangazi naye aniombee.

Kosgei huwa anakiweka kibuyu kwenye kiti cha mbele ili kisimwagike. Safari ijayo, kiti hicho ukalie wewe.

Binti yako,
Chebet